Wikendi moja Venice kwa mwanafunzi mwenye euro 250: lala hukohuko

Msomaji mmoja, binti wa Morogoro anayesoma masta Bologna, kaniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nina wikendi moja tu kabla mitihani haijaanza, ijumaa jioni mpaka jumapili usiku, na kwa kujibana nimepata euro 250. Nataka kwenda Venice. Wenzangu darasani wanasema nisilale huko ni ghali, niende asubuhi nirudi jioni inatosha. Naomba unipangie. Na kingine, kule kuna chochote kinachotuhusu sisi au ni makanisa na picha za wazungu tu?"

Marahaba mdogo wangu. Kazi yangu ni kuongoza wageni kule na nimeshajibu maswali mengi ya Venice, ila hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza na nimelifurahia sana, nitalirudia huko mbele kwa kirefu. Kwanza tumalize la kulala maana ndilo litakaloamua wikendi yako yote.

Usiende asubuhi na kurudi jioni. Nakuomba kabisa. Venice ni miji miwili ndani ya mmoja, kuna ule wa kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, treni zinashusha watu, mabasi yanashusha watu, vikundi vinafuata bendera, pale darajani Rialto unasukumwa tu huoni kitu, halafu kuna ule wa usiku na alfajiri ambapo uchochoro mzima ni wako na unachosikia ni maji yanapiga ukuta na mtu anatembea mbali huko. Wenzako wanaokwambia asubuhi mpaka jioni inatosha wameuona ule wa kwanza tu, na wala siwalaumu, ndio walioukuta. Mwaka 1951 mji ule wa kwenye maji ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000, leo hawafiki 50,000, kwa hiyo mchana wageni wanawazidi wenyeji na usiku wakishaondoka ndio unaona wenyeji wenyewe, wazee wanatoa mbwa, watoto wanacheza mpira uwanjani kanisani. Hela yako itumie kununua usiku, vingine vyote tutabana.

Sasa ulale wapi. Kuna kisiwa kinaitwa Giudecca, kipo mkabala na mji, boti dakika chache, na kuna hosteli za vitanda vya chumba cha pamoja, ukiamka unaona San Marco ng'ambo ya maji. Ukibuku mapema na si msimu wa karnivali wala agosti unaweza kupata kitanda kwa euro 35 hadi 45, mbali na kodi ya mji ambayo unalipa ukifika pale mapokezi, ni hela ndogo lakini usishangae ikitajwa. Ukikosa kabisa basi Mestre, ule mji wa nchi kavu, treni dakika kumi na kitu na nauli chini ya euro 2, ila hapo utapoteza lile la alfajiri kidogo kwa sababu inabidi usafiri kwanza. Nyumba za watu zinazopangishwa kwa siku mimi siwapeleki wageni huko, ukiniuliza kwa nini, ni kwa sababu nyumba zile ndizo walizokuwa wanaishi hao watu 120,000 waliohama, sio sababu pekee lakini ni kubwa, na hosteli ni bei nzuri zaidi kwako hata hivyo.

Treni. Kutoka Bologna Centrale chukua regionale veloce, ile treni ya kawaida ya mikoani, inapita Ferrara, Rovigo, Padova, kama saa mbili hivi, na nauli yake haipandi hata ukikata dakika ya mwisho, kwenda na kurudi weka kama euro 30. Treni za mwendokasi zinatumia kama saa moja na nusu, sasa ukikuta ofa sawa, lakini usilipe mara mbili kwa ajili ya kuokoa nusu saa. Sikiliza hili kwa makini, tiketi ya regionale ukiikata kwenye simu lazima ufanye chekini kwenye apu au kwenye ile linki wanayokutumia kabla treni haijaondoka, na kama ni ya karatasi unaigonga kwenye mashine pale stesheni kabla ya kupanda, bila hivyo mkaguzi anakuhesabu hujalipa na faini ni kubwa kuliko nauli. Beba na pasipoti na permesso yako, yaani kibali cha kuishi Italia, au ile risiti ya posta kama kadi haijatoka. Usishuke Mestre! Jina litasomeka Venezia Mestre na watu wengi watanyanyuka, we kaa, shuka Venezia Santa Lucia, mwisho wa reli. Kati ya hapo na hapo treni inaingia juu ya maji, lile daraja la reli lilifunguliwa mwaka 1846, kabla ya hapo mji ule ulikuwa hauingiliki bila chombo, kwa karne zote hizo. Acha simu mfukoni angalia dirishani.

Kuna kitu kinaitwa ada ya kuingia mjini, walianza 2024, inatozwa siku maalum tu za majira ya machipuko na mwanzo wa kiangazi, hasa ijumaa mpaka jumapili, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, na imekuwa euro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Anayelala ndani ya manispaa, hata Mestre, halipi, ila anatakiwa ajisajili kwenye tovuti yao achukue msimbo wa msamaha. Fanya hivyo ukishabuku, dakika mbili tu, uweke kwenye simu.

Usafiri wa ndani ni miguu yako na boti za umma, vaporetto. Tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50, ghali ndiyo, maana mkazi analipa bei nyingine kabisa. Lakini wewe una chini ya miaka 30 si ndio? Basi pale pale stesheni kwenye kaunta yao ulizia kadi ya Rolling Venice, euro 6, ukiwa nayo pasi ya saa 72 unaipata kwa euro 27 badala ya 45. Jumla 33 na unapanda boti mpaka jumapili jioni bila kuhesabu, na kwa kuwa unalala Giudecca huwezi kukwepa boti hata ungetaka. Kila ukipanda gusisha kwenye kile kisanduku gatini.

Gondola achana nayo. Bei rasmi ni euro 90 kwa dakika 30 mchana na 110 usiku, ni ya chombo kizima kwa hiyo mkiwa watano inagawanyika, peke yako ni zaidi ya theluthi ya bajeti yako. Ila kuna kivuko kinaitwa traghetto, ni gondola vilevile, kubwa kidogo, inavusha watu Mfereji Mkuu kwa euro 2, kinachohitajika ni sarafu tu, wapiga makasia wawili, dakika mbili uko ng'ambo. Nitakuonyesha utapandia wapi.

Ijumaa ukifika usiku fanya jambo moja tu. Weka begi hosteli, kula kitu, halafu rudi kwa boti mpaka stesheni, hapo panda boti namba 1 kuelekea San Marco na ujaribu kukaa mbele au usimame pale nje pembeni. Namba 1 ndiyo inayosimama karibu kila gati la mfereji na ndiyo maana naipenda, Mfereji Mkuu mzima ni kama kilomita 3.8 na inautembea pole pole, na usiku madirisha ya yale majumba yanawashwa taa unaona dari zilizochorwa ndani. Majumba yale yote yanasimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa kwenye tope, na swali la kila mgeni ni mbona haziozi. Ni kwa sababu kule chini topeni hewa hamna, wadudu na ukungu wa kuozesha mbao wanahitaji hewa, halafu juu ya nguzo waliweka mawe ya Istria ambayo maji hayapenyi kirahisi, ndipo matofali yakaanza. Kanisa la Salute, lile lenye kuba kubwa mwisho wa mfereji, linasemwa kuwa na nguzo zaidi ya milioni moja chini yake. Walilijenga kwa nadhiri baada ya tauni ya 1630 kuua sehemu kubwa ya mji.

Jumamosi ndiyo siku kubwa. Amka saa kumi na moja alfajiri, najua ni kazi lakini ndicho ulicholipia, panda boti ya kwanza kwanza uende uwanja wa San Marco. Saa kumi na mbili pale kuna mfagizi, njiwa, na wapiga picha wawili watatu basi. Zunguka taratibu. Mnara ule mrefu wa mita karibu 99 ulianguka wote tarehe 14 Julai 1902, ukarudishwa ulivyokuwa na palepale ulipokuwa, wakamaliza 1912. Wale farasi wanne wa shaba juu ya mlango wa basilika ni nakala, wenyewe wako ndani, na waliletwa kutoka Constantinople baada ya kuuteka mji ule mwaka 1204. Hata mwili wa Mtakatifu Marko mwenyewe, wanasimulia kwamba wafanyabiashara wawili wa Venice waliuiba Alexandria mwaka 828 wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wa forodhani wasitie mkono. Yaani ukitaka kuuelewa mji huu anza hapo, ni mji wa wafanyabiashara wa baharini, na kila unachokiona kilinunuliwa, kilibadilishwa au kilichukuliwa mahali.

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Rialto, fuata vibao vya njano ukutani "Per Rialto". Utapotea, ni kawaida, vichochoro vile ukiwa umewahi kutembea Mji Mkongwe Zanzibar hutaogopa, ni mtindo uleule wa kuta zimekaribiana na kona isiyoonyesha inakopeleka, tofauti ni kwamba huku ukikosea unaishia kwenye maji. Usitegemee namba za nyumba, zinahesabiwa kwa mtaa mzima, mitaa ni sita, kwa hiyo utakuta nyumba namba elfu tano na kitu na jirani yake hana uhusiano nayo. Soko la samaki la Rialto linafanya kazi jumanne mpaka jumamosi asubuhi, jumapili na jumatatu hamna, ndio maana nakuwahisha. Simama uangalie meza moja tu vizuri, kuna ngisi ambao wino wao umechafua barafu yote, dagaa wakubwa wa fedha, kamba wa kijivu bado wanarusha miguu, pweza wadogo wadogo wamepangwa kama wanasubiri kuhesabiwa, na bei imeandikwa kwa mkono kwenye kibao. Muuza samaki usimpige picha usoni bila kumuomba, wamechoka.

Pembeni ya soko kuna gati la kile kivuko, Santa Sofia. Vuka hapo kwa euro 2 zako, upo Cannaregio. Mtaa huu ndio wenyeji wamebaki wengi. Nenda mpaka Ghetto, pale Wayahudi walipolazimishwa kukaa kuanzia 1516, mageti yakifungwa usiku, na kwa kuwa hawakuruhusiwa kupanuka pembeni walijenga kwenda juu, utaona nyumba ghorofa nyingi dari zake fupi kuliko popote mjini. Jumamosi ni sabato kwa hiyo makumbusho yao yamefungwa, we tembea kwa heshima tu.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Kutoka Cannaregio uko karibu na Fondamente Nove, panda boti 4.1, dakika kumi hivi uko Murano, kisiwa cha vioo. Mwaka 1291 serikali iliamuru tanuri za kioo zihamie huko, mojawapo ya sababu ni hofu ya moto. Usifuate watu wanaokupa safari ya bure kwenda kuona kiwanda, bure yake ni kwamba unaishia dukani. Nenda makumbusho ya kioo, Museo del Vetro, na ndani watu wote wanakimbilia vile vibakuli na mataa makubwa, wewe tafuta kabati za shanga. Zile zile. Karne ya 19 shanga za Venice zilikuwa zinasafirishwa kwa mapipa hadi Zanzibar, zinapangwa kwa aina, nyekundu za samisami na nyinginezo, halafu misafara inazibeba kupita kwetu Morogoro hukohuko kwenda Unyamwezi mpaka Ujiji, na kila eneo lilikuwa na rangi yake inayotaka, mfanyabiashara akibeba rangi isiyotakiwa amekula hasara, watu hawazipokei hata kwa chakula. Wanyamwezi na Wagogo ndio waliokuwa wanaamua rangi ipi inauzika na tanuri za huku zikawa zinafuata. Hilo nalisema kwa wageni wote, na wengi hawajawahi kulifikiria hivyo, kwamba mtu wa Tabora aliweza kumuelekeza fundi wa Murano.

Na waliozitunga kwenye nyuzi walikuwa wanawake maskini wa mitaa ya Castello na Cannaregio, wanaitwa impiraresse, wanakaa nje mlangoni na kisanduku cha mbao mapajani kimejaa shanga, mkononi wameshika sindano ndefu nyingi zimetandazwa kama feni, wanachota kwenye kisanduku mara moja shanga zinaingia zenyewe kwenye sindano zote, siku nzima, kwa malipo ya kubahatisha. Kuna picha zao za zamani. Ukitoka pale ukaona ushanga shingoni au kiunoni kwa mtu nyumbani hutauona tena vilevile.

Rudi mjini kama saa saba. Chakula ni kwenye bacaro, vile vibaa vidogo wanaweka vitafunwa kwenye kabati la kioo, vinaitwa cicchetti, kimoja euro 1.50 mpaka 3 hivi, unakula umesimama. Chukua sarde in saor, ni dagaa wakubwa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu vingi na siki na zabibu kavu, utadhani ni mapishi ya pwani, na baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta mpaka akawa laini kama siagi. Vinne vitano vinakutosha. Kama huli nguruwe uliza kabla, lakini vya samaki ni vingi, na kama hunywi pombe hakuna anayekulazimisha. Kahawa kunywa kaunta umesimama, ukikaa mezani bei inabadilika, na pale uwanjani San Marco kwenye zile meza zenye bendi ukikaa unalipia na muziki pia. Maji usinunue hata chupa moja, karibu kila uwanja kuna bomba la maji safi ya kunywa. Vile visima vya mawe unavyoona katikati ya viwanja vilikuwa vya maji ya mvua, yanachujwa kwenye mchanga chini ya uwanja, walivitegemea hivyo mpaka maji ya bomba yalipoletwa mwaka 1884.

Jioni kama saa tisa na nusu hivi ingia Palazzo Ducale, ikulu ya watawala wa zamani wa Venice, vikundi vimeshapungua. Tiketi ya mwanafunzi wa miaka 15 hadi 25 ni nusu bei, kama euro 15, ukizidi 25 ni kamili, yaani 30, na inashuka ukikata siku 30 kabla. Angalia vizuri bajeti kwa hilo. Kama umezidi 25 na hela inakubana, mimi ningekwambia uiache ikulu, ukae Murano kwa raha zako, wala usijisikie vibaya. Ukiingia basi nenda ukumbi wa baraza kuu, ule mchoro wa Tintoretto wa Paradiso unafunika ukuta mzima, na juu karibu na dari kuna picha za watawala wao mmoja mmoja mpaka unafika moja imefunikwa kitambaa cheusi, huyo ni Marino Faliero, alijaribu kupindua mfumo ajifanye mfalme wakamkata kichwa 1355.

Tiketi hiyohiyo inakuingiza Museo Correr na vyumba vya maktaba ya Marciana, ng'ambo ya uwanja. Ni ya maktaba hiyo ile ramani ya dunia ya Fra Mauro, mtawa wa hapo Venice, ya kama mwaka 1450, duara kubwa karibu mita mbili na kusini iko juu kwa hiyo Afrika ipo sehemu ya juu ya dunia. Habari za Ethiopia alizipata kwa watawa waliotokea hukohuko, kaandika mwenyewe kwenye ramani kwamba wenyeji walimchorea majimbo na mito. Na ukiwa hapo kumbuka mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi akapewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut. Habari hiyo ilipofika Venice ilikuwa kama msiba, maana pilipili manga yote ilikuwa inapita Alexandria inakuja kwao wanaiuzia Ulaya, sasa Mreno kapata njia yake. Haikuwaua siku ileile, biashara ya Bahari ya Shamu ilikuja kupata nguvu tena, lakini mji huu ulitikiswa na safari iliyopita kwetu.

Jumamosi usiku rudi San Marco, sasa hivi imetulia tena, halafu lala.

Jumapili, kama unaweza kuchagua wikendi chagua ile yenye jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho yote ya serikali ya Italia ni bure siku hiyo kwa kila mtu, raia au mgeni. Ikulu haimo kwa sababu ni ya manispaa, lakini Gallerie dell'Accademia imo, na hapo ndipo nataka uwe mlangoni wakifungua. Nakutuma kwa picha mbili tu kwanza, mengine utaangalia mwenyewe. Tafuta chumba cha Miujiza ya Msalaba. Kuna picha ya Carpaccio, ya miaka ya 1490, inaonyesha Rialto wakati daraja lilikuwa bado la mbao, hili la mawe lilikamilika 1591. Watu wanakwenda kuangalia daraja. Wewe shuka chini kwenye maji, katikati ya vyombo, kuna mpiga kasia wa gondola, Mwafrika, kijana, kavaa kitanashati kuliko abiria wake, kainama na kasia lake kazini kabisa. Hajawekwa pale kama kituko, ni mtu wa mjini kama wengine wote kwenye ile picha. Chumbani humohumo ipo ya Gentile Bellini, ya mwaka 1500, msalaba umetumbukia mferejini wanaurukia kuutafuta, na upande wa kulia ukingoni kuna mtu mweusi mwenye nguo kidogo sana anajiandaa kujitosa. Waafrika walikuwepo Venice karne ya 15, wengi waliletwa watumwa, baadhi wakaachiwa huru na kubaki wakifanya kazi majini, na wachoraji waliwaona kila siku ndio maana wamo.

Kutoka Accademia tembea Zattere, ile njia ya ukingoni mwa maji, upande wa jua, pita San Trovaso, kuna karakana ya kutengeneza gondola unaiona ukiwa ng'ambo ya kijimfereji bila kulipa. Salute pia hulipi, ni karibu. Basilika ya San Marco jumapili watalii wanaingia mchana tu kuanzia saa nane, mabega na magoti yafunikwe, begi kubwa hawaruhusu, kwa hiyo kama unaitaka sana iweke jumamosi asubuhi badala ya Ghetto. Kama wewe ni mtu wa ibada nenda misa, hulipi na unakaa chini ya zile mozaiki za dhahabu kwa utulivu, ila hapo ni kusali, si kupiga picha.

Cha mwisho ni kanisa la Frari, jumapili linafungulia watalii saa saba mchana, kiingilio euro chache. Mbele kuna Assunta ya Titian, 1518, hiyo kila kitabu kimeisifu na inastahili. Halafu geuka ukuta wa kushoto ukatazame kaburi la Giovanni Pesaro, mtawala, lilikamilika 1669. Limebebwa na wanaume wanne weusi wakubwa kuliko binadamu, mawe meusi kwa meupe, mabegani wameweka mito ili uzito usiwaumize, na suruali zao zimechanwa magotini, fundi kachonga mpaka ngozi nyeusi inaonekana kwenye matundu ya kitambaa cheupe. Ni kazi ya ustadi mkubwa na inauma kuiangalia, na vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Wageni wangu wa Kiafrika hapo huwa wananyamaza, na mimi huwa siongezi neno. Picha za Accademia na mawe ya Frari yametengana kama miaka 170, nenda ukayaone yote mawili siku moja ndio utajua jibu la swali lako, la wazungu tu, si kweli.

Tahadhari ndogondogo. Wezi wa mifukoni wapo kwenye namba 1, Rialto na stesheni, begi liwe mbele. Usile umekaa kwenye ngazi za San Marco na usiwape njiwa chakula, ni faini. Oktoba mpaka januari kuna maji kujaa, lakini tangu 2020 mageti ya MOSE, yale ya kuzuia maji ya bahari yasiingie, yananyanyuliwa pale bahari inapotabiriwa kufika sentimita 110, kwa hiyo yale mafuriko kama ya Novemba 2019 yaliyofika 187 usiyaogope, utakachokuta ni sehemu za chini kama uwanjani San Marco kulowa kidogo, beba viatu visivyopitisha maji.

Hesabu basi, treni 30, vitanda viwili na kodi yake 90, boti 33, hapo 153. Makumbusho ukiwa chini ya miaka 26 weka 30. Zinabaki 67 za kula na vivuko, na kwa mtindo wa cicchetti na mkate wa supamaketi zinatosha na chenji inabaki.

Kutoka Frari mpaka Santa Lucia ni dakika kumi kwa miguu, unavuka daraja la Scalzi. Regionale za jumapili jioni zinajaa wanafunzi wanaorudi Padova na Bologna na tiketi yake haina namba ya siti, kwa hiyo uwe pale dakika ishirini kabla, ufanye chekini, na uingie behewa la mbele kabisa maana wengi wanarundikana ya nyuma karibu na mlango wa stesheni.